Landilodi wa Mtandao Usio na Mwenyewe

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimeuawa. Si mimi mwenyewe, ni peji yangu. "Maji Kiganjo", wafuasi elfu nne mia tatu na kumi na wawili, nimeijenga kwa kidole kimoja.

Kwa asiyenijua: mimi ni Marvin, miaka ishirini na mbili. Niliacha shule kidato cha pili na mpaka leo shule haijapona. Na kama ni wewe unasoma, Mama, tafadhali rudisha daftari chini ya godoro.

Kazi ya peji ni moja tu. Hapa Kiganjo maji ya mfereji huja yakitaka. Siku yoyote, saa yoyote. Yanakaa masaa mawili, yanaenda zake. Tata Idah, dada mkubwa wa Mama, anaishi kule juu karibu na valvu, kwa hivyo kwake hufika kwanza. Ananipigia simu mimi. Hapigii mtu mwingine, anasema yeye si redio. Mimi naposti neno moja, "MAJI", na mtaa mzima unakimbia na mitungi. Watu wananiita Mheshimiwa. Kuna mama wa mahamri aliniita baraka, na sikumlipa aseme.

Sasa Jumamosi maji yalikuja, nikaposti "MAJI" mara sitini na tatu ili hata wazito wa kusoma waelewe. Leo asubuhi ule mtandao mkubwa umenifungia. Ati najiendesha kama mashine. Na aliyeniambia hivyo ni mashine.

Kufikia saa nne Mwas kinyozi alikuwa amefungua peji yake. Mwas hajawahi kubuni kitu maishani isipokuwa mapengo kwa vichwa vya watu. Ameiita "Maji Kiganjo Orijino". Nimepita kwake kumwuliza orijino ya wapi, na habari za maji atatoa wapi, kwani ana tata kule juu? Hata hakuinua macho kutoka kwa kichwa cha mteja. Akasema, "Buda, wewe ulikufa asubuhi. Pole kwa familia." Mteja akacheka. Amenyolewa nusu kichwa na ana nguvu ya kucheka.

Jumanne, 4 Februari

Nimekata rufaa. Mtandao umesema nithibitishe mimi ni binadamu. Ukaleta picha ndogo tisa, nichague zenye taa za kuongoza magari. Kiganjo hatuna taa kama hizo. Hapa magari yanaongozwa na honi na ubaya wa uso wa dereva. Nikachagua mlingoti wa stima. Nimeanguka mtihani huo mara tatu, kwa hivyo tangu saa tano mimi si binadamu rasmi.

Ukasema basi nijipige picha nikishika kitambulisho. Nikapiga. Ukajibu nyuso hazifanani. Kusema ukweli hazifanani. Siku ya picha ya kitambulisho nilikuwa nimetoka kunyolewa na Mwas.

Nikaandika barua ya heshima. Kwa mwenye mtandao, hujambo, mimi ni Marvin wa Kiganjo, huku watu watakauka. Jibu lilifika baada ya sekunde mbili: asante kwa maoni yako. Hata mwalimu mkuu aliyenifukuza alitumia dakika kumi.

Mama ameanza wasiwasi. Mama ni dobi, anafulia watu nguo, na Jumapili ya tarehe kumi na sita askofu anakuja kanisani. Mama amepewa kazi ya kufua majoho ya kwaya, arobaini, meupe. Lazima apate maji kabla ya Jumamosi. Mchana huwa yuko manyumbani kwa watu, hawezi kukaa akilinda mfereji. Akaniuliza sasa atajuaje maji yakifika. Nikamwambia atulie, mtoto wake yuko kazini. Akaniangalia vile huangalia doa la mafuta.

Alhamisi, 6 Februari

Leo nimefika Ruiru, pale Kimbo. Mama anamfulia dada mmoja anayeitwa Mbinya, na Mbinya alimwambia kaka yake Kaleli, fundi wa kompyuta, ana mtandao usio na mwenyewe. Nikasema huyo ni mtu wangu.

Duka la Kaleli liko nyuma ya hadwea ya misumari na saruji. Printa zilizokufa zimepangwa hadi darini. Kwa rafu ya juu kuna kompyuta moja nzee, haina kifuniko, feni inanguruma, imewekewa kitambaa cha kufuma kama redio ya shosho kizee. Akaonyesha kwa kidole akasema mtandao ndio huo. Nikasema hiyo ni kompyuta. Akasema ni kipande cha mtandao. Nikamwuliza vipande vingine viko wapi. Akasema kila mahali. Nikaangalia chini ya meza.

Kaleli huongea polepole, kama mtu anamimina uji moto. Alinieleza mara tatu. Seva, itifaki, nikawa naitikia kwa kichwa tu. Mara ya nne akachoka, akachungulia nje, akaona yale majumba ya kukodisha.

"Skiza, kijana. Ule mtandao wenu mkubwa ni jengo moja. Mwenyewe ni mmoja. Akikufukuza uko barabarani na godoro lako. Huu wetu ni ploti nyingi. Hii ya kwaya, hii ya wakulima, hii ya wazungu fulani wanapenda treni. Kila ploti na keateka wake, msimamizi, na sheria zake. Lakini ukuta ni mfupi. Wa ploti hii anamfuata wa ploti ile, wanasalimiana, wanasomana. Mwenye ploti zote hakuna."

Hapo ndipo niliamka. Ploti. Mimi nimezaliwa kwa ploti. Tumefukuzwa ploti tatu. Najua keateka anavyotembea, anavyokohoa kabla hajabisha mlango, anavyohesabu viatu nje ya nyumba ya mtu. Nikamwuliza kama naweza kupata yangu. Akasema bila shida, atanikatia kona kwa hiyo kompyuta yake. Akaongeza kwamba keateka mzuri ni yule wapangaji wamesahau jina lake. Niliandika hayo kwa kiganja ili nisisahau. Halafu nikala chapati maharagwe, nikanawa.

Ijumaa, 7 Februari

Ploti Maji Kiganjo imefunguliwa rasmi. Nimezunguka mlango kwa mlango nikiwawekea watu kwa simu. Wengi waliuliza kwani ule mwingine umefanya nini. Nikawaambia kule ni kwa tajiri, hapa ni kwetu. Mzee mmoja akauliza kama akiingia hapa atatoka kule. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikamwambia hapana. Kwa kweli sijui. Kufikia jioni walikuwa wapangaji arobaini na mmoja, Mama akiwa nambari moja.

Nikaweka sheria. Nilianza na nne, kalamu ikakataa kusimama. Ziko ishirini na saba. Chache tu nitaje: Kila mpangaji aseme ameletwa na nani. Asubuhi kila mtu amsalimie keateka kwanza kabla hajasalimia mtu mwingine. Hakuna kuongea baada ya saa nne usiku, lango limefungwa. Hakuna biashara ndani ya ploti, hiyo ni ya kumi na nne. Anayetaka kumfuata mtu wa ploti nyingine aandike barua kueleza sababu. Na habari za maji hutolewa na keateka peke yake.

Nilimpigia Kaleli azime kompyuta saa nne usiku. Akakataa, akasema pia kwaya iko humo ndani. Sawa. Basi kila asubuhi nitaamka nifagie kila kilichosemwa usiku.

Jumapili, 9 Februari

Nimeibiwa jina.

Baada ya ibada nilifungua simu nikakuta Marvin. Si mimi. Marvin mwingine, na picha yake, ako ploti ya kule Ujerumani. Anapenda treni. Na ananifuata mimi. Mwizi anakuibia halafu anakufuata nyuma, hiyo ni dharau ya kiwango kingine. Nikamwandikia kwa Kiingereza changu kikali kwamba Marvin ni mmoja na yuko Kiganjo. Akajibu kwamba kwa mtandao huu jina ni lako pamoja na ploti yako, kwa hivyo kunaweza kuwa na akina Marvin mia. Akaniwekea picha ya treni ya kijani. Akasema ni ya amani.

Nilimpigia Kaleli. Akasema mzungu ana haki. Nikamwuliza sasa mtu akisema "Marvin amesema", ni Marvin yupi amesema? Akasema yule wa ploti yake. Nikasema na mtu akisahau kutaja ploti? Nikasikia ile feni yake ikinguruma. Akasema ana mteja.

Kichwa kinaniuma. Treni yenyewe ni nzuri, lakini hilo sitamwambia.

Jumatatu, 10 Februari

Maji bado. Mama amepeleka macho kwa kalenda mara nne leo. Siku tano zimebaki kufika Jumamosi.

Asubuhi nikifagia nilikuta Mama ameposti saa nne na dakika mbili: "Nafua majoho, mapazia, duveti. Gathoni dobi, nyuma ya posho mili ya unga." Makosa mawili kwa posti moja, lango na biashara. Nikafuta. Akaniuliza nani amefuta. Nikamwambia ni sheria. Akauliza sheria ni nani. Nikamwambia Mama, kwa nyumba wewe ni mama yangu, kwa ploti wewe ni nambari moja. Alinipa ugali bila kitu. Kavu. Nikala kama keateka.

Halafu mchana nani anabisha lango? Mwas. Anaomba chumba. Ile Orijino yake haina habari, hesabu yake ilikuwa mimi nifunguliwe, niposti, yeye anakili. Sasa kwa vile sipo kule, ameshinda wiki nzima akiposti picha za mawingu. Nikamruhusu kwa raha ya kuwa landilodi wake. Baada ya saa moja alikuwa anafuatwa na wapangaji thelathini na tisa. Anawachekesha tu. Aliandika kwamba sheria za ploti hii ni nyingi kuliko mitungi. Watu walipenda hiyo posti kuliko salamu zangu zote.

Nikamfukuza. Nilimwandikia notisi ya dakika kumi, kisheria kabisa.

Jumatano, 12 Februari

Sielewi kilichotokea na nitakiandika vile kilivyotokea.

Mwas hakulia. Alienda Kimbo kwa Kaleli, akaomba ploti, akapewa. Kona nyingine kwa ile ile kompyuta. Akahama. Na alipohama, wafuasi wake wote thelathini na tisa wakawa wanamfuata kule alikohamia, bila wao kubonyeza kitu. Yaani mtu anahama keja, nyumba ya kupanga, na wageni wake wote wanajikuta mlangoni kwa keja mpya, wameshika vikombe vyao vya chai.

Kisha wapangaji nao wakaanza. Mmoja mmoja, mchana kweupe. Nilikaa na simu nikihesabu. Arobaini, thelathini na tatu, ishirini. Hakuna aliyeniaga isipokuwa Ngigi wa posho mili, ambaye aliandika barua kulingana na sheria ya barua, akaeleza sababu: amechoka kuandika barua.

Nilimpigia Kaleli nikamwuliza kwa nini ameniuza. Akasema hajauza mtu, mtandao uko hivyo, mtu hafungwi. Akihama anahama na watu wake. Nikamwuliza sasa keateka anashika nini mkononi? Akasema hashiki kitu, anafagia tu na kuhakikisha taa zinawaka. Nikasema hiyo si kazi ya mtu mwenye akili. Akasema anaifanya mwaka wa saba.

Jioni nikapata kitufe. Nilikuwa natafuta tu kule ndani kwa mipangilio. Kinaitwa kufunga ploti jirani. Ukikibonyeza, ploti hiyo na yako ukuta unapanda hadi mawinguni, hakuna kuonana. Nikachagua ploti ya Mwas. Nikabonyeza. Sasa akitaka kunakili maji yangu anakili ukuta.

Nimelala vizuri. Wapangaji ni wangapi sasa, sijaangalia. Ubora si wingi.

Ijumaa, 14 Februari

Nilienda Kimbo asubuhi kumwomba Kaleli aniwekee kitu cha kuzuia watu kuhama. Nilitaka tu komeo dogo. Tukiwa tunabishana, saa tano na robo, simu ikalia. Tata Idah. "Maji imekuja na nguvu, kijana. Ambia watu. Na mama yako asichelewe."

Siku kumi na tatu za ukame na ni mimi nimeshika habari. Nikaandika "MAJI". Mara moja tu, kwa sababu mimi nimekomaa. Nikamwonyesha Kaleli, nikamwambia sasa hivi Kiganjo ni mitungi na vumbi, ona kazi ya keateka. Kaleli akaangalia simu, akauliza kama nina hakika watu wataiona hiyo posti. Nikasema kwani hawa ni vipofu. Akataka kusema kitu kingine. Nikamwambia asiharibu siku.

Sikumpigia Mama. Nimpigie ya nini, na yeye ni nambari moja wa ploti? Nikanywa soda pole pole.

Nimefika Kiganjo saa tisa. Hakuna vumbi. Mitungi imelala vile ililala jana. Mama amekaa kwa beseni lililopinduliwa, majoho arobaini ndani ya magunia mawili kando yake, alikuwa ameyazungukia kwa wanakwaya tangu saa tatu. Simu ilikuwa mkononi. Akaniuliza, polepole, kama maji yamekuja leo. Nikamwambia si nimeposti. Akaniuliza wapi. Nikamwambia kwa ploti. Akaniambia yeye alihama Jumatano.

Mama. Nambari moja. Alihama pamoja na hao wengine, akaenda kwa Mwas, kwa sababu kule anaruhusiwa kuandika anafua duveti.

Nikaangalia simu. Wapangaji wa Ploti Maji Kiganjo wako wawili. Mimi, na Marvin wa treni ambaye hata si mpangaji, ananifuata tu kutoka kwao. Kwa hivyo niko mmoja. Nilitangaza maji na aliyesikia ni mtu mmoja Ujerumani. Aliweka alama ya moyo.

Wale wengine wote walikuwa ng'ambo ya ukuta, wanangoja Mwas, na Mwas anangoja mimi.

Mfereji ulikuwa umekauka tangu saa saba. Watu wa ploti tunayokaa, ile ya mawe, walitoka wakasimama mlangoni kwao, wakaniangalia. Hakuna aliyeniita Mheshimiwa. Yule mama wa mahamri aliniita kwa majina yangu yote matatu. Mwas alikuja mbio na mashine ya kunyoa bado mkononi, na nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema tu, "Marvin, majoho ya mathe wako sasa?" Hiyo iliniuma kuliko kama angecheka.

Mama alianza kukunja majoho machafu kama ni masafi.

Jumamosi, 15 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi Tata Idah alipiga simu kuuliza mbona sauti ya Mama jana ilikuwa ya baridi. Nilimwambia. Nilipunguza mambo kidogo hapa na pale. Kisha akasema yeye alijaza kila kitu jana, tangi, mapipa mawili, mpaka sufuria za Krismasi, na kama majoho hayatakuwa kwake ndani ya nusu saa atashuka anitafute.

Nimebeba magunia yote mawili. Mlima ule ni mrefu kuliko ulivyokuwa nikiwa mdogo. Mwas alibeba beseni, hakuna mtu aliyemwambia. Mbinya alikuja na sabuni. Tumefua tangu saa moja hadi saa nane. Mimi ni wa kusuuza. Joho moja likilowa maji lina uzito wa shemasi mwenyewe.

Tukiwa tunaanika, Tata Idah, mkono kiunoni, akauliza swali: kwani yeye akiona maji, kwa nini asiwaambie watu mwenyewe? Nikamkumbusha alisema yeye si redio. Akasema alikuwa anamaanisha kupigia watu mia simu. Hakujua kuna namna ya kusema mara moja. Wote wakaniangalia mimi. Nikaangalia joho.

Mbinya akampigia Kaleli. Baada ya dakika ishirini Tata alikuwa na ploti, na simu ya zamani ya Mbinya mkononi, anaandika kwa kidole cha shahada akitamka kila herufi. Posti yake ya kwanza: "Mimi ni Idah. Nikiona maji nitasema." Hakuna sheria hata moja. Kufikia saa kumi alikuwa anafuatwa na watu mia mbili na sita. Mwas alihama papo hapo, akaandika kwa ploti yake kwamba imefungwa, twendeni kwa Tata. Wakaenda. Ukuta wangu ulibaki unafungia nyumba tupu.

Majoho yamekauka. Meupe kama maziwa ya Githunguri. Mama aliyahesabu mara mbili, kisha akanipa chai. Haikuwa na sukari lakini ilikuwa moto.

Jumapili, 16 Februari

Askofu alisifu majoho kutoka kwa mimbari. Mama aliinamisha kichwa kama hakusikia, lakini nilimwona mabega yakipanda.

Baada ya ibada tulikutana nyuma ya kanisa kupanga mambo ya ploti ya Tata, vile chama hufanya. Kaleli alipanda kutoka Ruiru na chupa yake ya maji. Alisema Tata hawezi kufanya kila kitu, wagawane: mtu wa kuangalia matusi, mtu wa kusaidia wazee wasioona herufi, mtu wa kupokea wageni.

Nikasimama. Nikajipendekeza uenyekiti. Nikataja uzoefu wangu. Wanyoike, mwimbaji wa besi, akauliza kama uzoefu ni ule wa kupoteza watu arobaini kwa siku tano. Nikasema kiongozi ambaye hajawahi kuachwa hajui uongozi. Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Niliinua mkono mmoja na haukutosha. Niliangalia upande wa Mama. Alikuwa anatafuta kitu muhimu sana ndani ya kibeti.

Ikaamuliwa uenyekiti wenyewe hauhitajiki. Halafu Tata Idah, damu ni nzito, akasema kijana apewe kitu naye. Nipewe lango. Mtu mpya akiomba kuingia, mimi nabonyeza "karibu". Mwas akasema hata mlango wa duka hujifungua wenyewe, lakini akapiga makofi.

Nimepewa lango.

Jumanne, 18 Februari

Siku ya kwanza kazini. Kazi yenyewe wameieleza kitoto, ati bonyeza "karibu". Hawampi mtu wa kiwango changu kazi ya kubonyeza. Walitarajia nitaongeza kitu, ni vile waliona haya kusema. Nimeongeza fomu. Fupi tu: jina, ploti uliyotoka, kwa nini ulitoka, wadhamini wawili wakaaji wa Kiganjo.

Auma wa mboga aliomba saa mbili akajaza vizuri, akaingia saa nne. Msichana mmoja wa saluni alikataa kusema kwa nini alitoka alikotoka. Anafikiria.

Saa tano akaja mtu anaitwa Ephantus. Aliandika maneno mengi. Ati yeye ndiye mfanyakazi wa ile valvu ya kule juu, ndiye hufungua maji ya Kiganjo na kuyafunga, huu ni mwaka wa tisa. Amesikia tuna mahali petu. Ameona watu wanateseka kubahatisha, na yeye huwa anapewa ratiba ya wiki nzima kila Jumatatu, basi akaona awe anatuwekea hapo. Siku na saa. Mtu ajipange.

Nikamwambia siku hizi kila mtu anasema anafungua maji. Alete wadhamini. Akasema hana, yeye anakaa Githurai 45, Kiganjo huja kazini tu. Nikamwambia hapo amejimaliza mwenyewe. Akasema anaweza kunitumia picha ya funguo za valvu. Nikamwambia hata mimi nina funguo, za kufuli ya baiskeli, na sijawahi kujiita serikali. Akaniomba basi nimpelekee mkubwa wangu ujumbe. Nikamweleza, kwa upole, vile huu mtandao ulivyo: hauna mwenyewe, hauna mkubwa, kwa hivyo akifika kwangu amefika mwisho. Akasema poa, siku njema, kijana. Nikamfungia ili asirudi na jina lingine.

Saa tisa Tata ametangaza maji. Mama alikuwa kwa mteja mbali, akakimbia, akapata mitungi mitatu kabla hayajakatika. Ameingia amelowa hadi magotini, akasema laiti kungekuwa na mtu mmoja tu wa kutuambia mapema siku ya maji.

Nimemwambia avumilie. Mambo mazuri huja polepole, na langoni kuna mtu macho.